Tumkumbuke Wanakhucha, Mama Aliyewatoa Wazigua Utumwani



Tukitaja mama mgeni aliyejenga jamii, wa kwanza kutujia ni Bi Hajar. Alibaki na mwanawe mchanga katika bonde lisilo na maji, akakimbia baina ya Safa na Marwa, na hapo hapo ukainuka mji wa Makka. Leo tunamkumbuka mama wa huku kwetu Afrika Mashariki, ambaye wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake: Wanakhucha.

Asili yake ni Wazigua, watu wa Handeni, Korogwe, Pangani na Kilindi, mkoani Tanga. Katika miaka ya 1830 nchi hiyo ilikumbwa na ukame na njaa kali. Masimulizi ya wazee yanasema wafanyabiashara waliwaahidi watu chakula na kazi ya ujira ng'ambo, wakawapakia majahazini. Waliposhuka pwani ya Somalia, ikawa wameuzwa. Wakalimishwa mashamba ya watu karibu na Mto Shabelle.

Sisi wa visiwani tuseme kweli: biashara hiyo ya watumwa ilikuwa na kitovu chake Unguja, na mikarafuu yetu ilipaliliwa na watu waliotolewa bara vivyo hivyo. Historia hii inatuhusu.

Wazigua hawakukubali kufia utumwani. Walitoroka, na masimulizi yao yanasema aliyewaongoza alikuwa mwanamke, Wanakhucha. Nia yao ilikuwa kurudi kwao kwa miguu. Walipofika Mto Juba, ardhi ikatetemeka. Wanakhucha akaona hiyo ni ishara ya kusimama, akawaambia watu wake wakae hapo walime. Wakaingia msitu wa kando ya mto, unaoitwa Gosha, wakafyeka, wakapanda mahindi, ufuta na maharage, wakajenga vijiji vyao. Wengi katika uzao wao baadaye wakasilimu.

Fikirini, dada zetu, uzito wa uamuzi ule. Mama anatamani kwao, lakini nyuma yake kuna watoto, wazee na waliochoka njiani. Akatanguliza uhai wao mbele ya hamu yake.

Kwao hawakufika, lakini hawakukusahau. Vizazi vikapita, na Kizigua kikaendelea kusemwa majumbani kando ya Juba, katikati ya Kisomali. Lugha ya namna hiyo haihifadhiwi na shule wala serikali. Inahifadhiwa jikoni, shambani na mgongoni mwa mama.

Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, vijiji vile vikaporwa na watu wakakimbia. Wengi waliingia kambi za Kenya, na kuanzia mwaka 2003 maelfu yao wakapelekwa Marekani. Wengine walikuja Tanzania, wakapokewa kambi ya Mkuyu, Handeni, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, wilayani humo humo. Walipofungua midomo, wenyeji wakawaelewa! Baada ya zaidi ya miaka 150, ndugu walisalimiana kwa lugha moja. Kufikia mwaka 2014, mamia yao walikuwa wameshapata uraia wa Tanzania. Safari aliyoisimamisha Wanakhucha mtoni, wajukuu wakaimaliza.

Bibi harusi, nawe karibu utahama. Pengine unatoka Pemba kwenda Tanga, au Unguja kwenda Maskati. Tunapopanga sanduku la harusi tunahesabu doti za kanga, udi, manukato na dhahabu. Tusisahau kisichokunjika: lugha ya mama, majina ya mabibi na vijiji walikotoka. Suratul Hujurat inatufundisha kuwa makabila ni kwa ajili ya kujuana, si kwa kujivuna.

Kwa hiyo kabla ya siku ya nikaha, kaa na mama yako, na bibi ikiwa yu hai. Muulize bibi yake alikuwa nani, alitoka wapi, na alifikaje hapo. Pengine utasikia jambo zito, hata la utumwa. Usilionee haya. Liandike, na siku moja umsimulie mwanao. Na ukifika ugenini, uwe msaada kwa jirani kama mama huyu alivyokuwa kwa watu wake.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia, awape afya walio hai, na awajaalie mabibi harusi wetu nyumba zenye utulivu. Amin.