Kinanda cha Mabomba Ndani ya Kompyuta

Leo tuguse historia ya muziki. Kwa Kiswahili piano na ogani zote huitwa kinanda, lakini ni ndugu wa mbali. Piano hugonga nyuzi: ukibonyeza kwa nguvu inalia kwa nguvu, kisha sauti inafifia. Ogani hupuliza hewa kwenye mabomba, na sauti haifi mpaka uinue kidole.

Mwaka 1845, huko Dresden, Robert Schumann alitunga vipande sita (Opus 56) kwa ajili ya piano iliyoongezwa vibonyezo vya miguu. Piano hizo zikaadimika. Leo vipande hivyo husikika zaidi kwenye ogani.

Na ogani nayo imeingia kwenye kompyuta. Tangu 1983, MIDI hubeba namba ya noti na kasi ya kidole, kati ya 1 na 127. GrandOrgue, programu huria, hutoa sauti za mabomba halisi zilizorekodiwa moja moja. Kasi ya kidole kwa kawaida huipuuza, kama ogani yenyewe.

Kwa hiyo mpiga kinanda wa kwaya pale Wang'uru, Mwea, akiwa na kibodi mbili za MIDI na kompyuta, anaweza kumpiga Schumann bila bomba hata moja. Noti za miguu atampa mwenzake kwenye kibodi ya pili. Akitaka sauti kubwa, asigonge kwa nguvu: aongeze safu za mabomba.