Kodi ya mkulima na jukwaa la chuo

Jana usiku hapa rumu tumebishana hadi umeme ukakatika. Mwenzangu kaniuliza: kwa nini kodi ya mkulima ilipie watu kuigiza chuoni? Nikakosa jibu, na mimi ndo mwalimu mtarajiwa. Aibu!

Leo nimelipata. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, chuo cha umma, walizunguka Uganda na Kenya wakiwaigizia wananchi, na si kwa Kiingereza tu. Dar nako, Ebrahim Hussein alisomea sanaa za maonyesho chuoni. Mwaka 1969 tamthilia yake, Kinjeketile, ikachapishwa. Inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakulima walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu na kutozwa kodi na Wajerumani.

Mmeona? Mlipa kodi mwenyewe ndiye yuko jukwaani. Bila chuo, kijana yule angejifunzia wapi kazi hiyo?

Mimi nikienda field, wanafunzi wangu hawatakariri tu tamthilia, wataigiza. Mwenzangu bado anabisha, ila asubuhi kaomba nimwazime kitabu. Nyie mnasemaje?