Genga': Nakala za Michoro ya Hadithi za Wasichana wa Kijapani katika Makumbusho ya Kyoto

Neno genga katika lugha ya Kijapani limeundwa kwa sehemu mbili: gen, yaani asili, na ga, yaani picha. Genga basi ni picha ya asili, ule ukurasa alioutia mchoraji wino kwa mkono wake kabla haujapelekwa kupigwa chapa. Neno hilo likitiwa kialama kidogo mwishoni, genga', husomwa "genga dashi". Na kialama chenyewe kimeazimwa kwa wanahesabu, ambao huitia herufi A wakapata A nyingine, jirani ya ile ya kwanza wala si ile ile. Hilo ndilo jina la nakala zilizofanywa kwa uaminifu mkubwa hata jicho la fundi hupata taabu kuzitenga na asili yake. Kiswahili kina nakala, kina nuskha, na siku hizi kina kopi. Lakini sioni hata moja katika hayo litoshalo. Nakala ya barua ni maneno yake. Doa la wino halimo katika wajibu wa mnakili. Genga' yatakiwa iwe na doa pia.

Kazi hii ilianzishwa mwaka wa 2001 na Keiko Takemiya, mchoraji wa hadithi za picha za wasichana, aliyezaliwa mwaka wa 1950, na ambaye mwaka wa 2000 aliingia kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kyoto Seika. Kilichomsukuma ni hofu. Wino wa rangi uliotumiwa na wachoraji wa rika lake hung'aa sana, lakini haustahimili nuru. Ukurasa ukitundikwa ukutani muda mrefu, rangi zake huanza kufifia. Kuuonyesha ni kuuharibu, na kuuficha ni kuwanyima watu. Njia iliyopatikana ni hii: ukurasa hunaswa kwa mashine, picha ikaingizwa katika kompyuta, kisha rangi zikarekebishwa, fundi akiwa na asili mbele yake, hupiga chapa, akalinganisha, akarudia tena. Mistari ya penseli isiyofutika vema, rangi nyeupe iliyofunika kosa, kingo za karatasi iliyobandikwa, maagizo ya mhariri pembeni, yote hubakizwa. Asili hurudishwa gizani, genga' ikatundikwa. Makumbusho ya Kimataifa ya Manga ya Kyoto, yaliyofunguliwa mwezi wa Novemba 2006 katika jengo lililokuwa shule ya msingi ya Tatsuike, yamezionyesha, na nyingine zimepelekwa kutazamwa nje ya Japani.

Yafaa kuuliza kwa nini tahadhari hii ilichelewa. Mswada wa hadithi ya picha haukuhesabiwa kuwa sanaa. Ulikuwa kama kalibu, ambayo kazi yake ikiisha haina mwenyewe. Kilichouzwa ni gazeti, lililopigwa chapa juu ya karatasi hafifu, likasomwa na msichana na nduguye, kisha likatupwa. Zamani kurasa za asili ziliweza kupotea mikononi mwa wachapishaji, au hata kutolewa zawadi kwa wasomaji. Tena hadithi hizi zilidharauliwa mara mbili: kwanza kwa kuwa ni hadithi za picha, pili kwa kuwa ni za wasichana.

Hata hivyo nasaba yake ni ndefu. Gazeti la Shojo no Tomo lilianza mwaka wa 1908, na kwa ajili ya magazeti ya namna hiyo walichora Jun'ichi Nakahara, bingwa wa macho makubwa yenye huzuni, na Katsuji Matsumoto. Mwaka wa 1953 Osamu Tezuka alianza Ribon no Kishi, hadithi ya binti mfalme aliyelelewa kama mwana mfalme. Na mwaka wa 1958 Macoto Takahashi alimsimamisha msichana kutoka juu ya ukurasa hata chini, bila kujali mipaka ya visanduku. Wakati huo wachoraji wengi walikuwa wanaume, na wanawake kama Hideko Mizuno walikuwa wachache. Miaka ya 1970 mambo yalipinduka. Waliokuja walikuwa wanawake waliozaliwa karibu na mwaka wa 1949, ambao ni mwaka wa 24 wa enzi ya Showa, kwa hiyo wakaitwa Kundi la Mwaka wa 24. Miongoni mwao ni Moto Hagio na Takemiya mwenyewe. Mwaka wa 1972 Riyoko Ikeda alianza hadithi yake ya mapinduzi ya Ufaransa, Berusaiyu no Bara; na mwaka wa 1976 Takemiya akaanza Kaze to Ki no Uta, baada ya kungoja miaka mingi wahariri wakubali.

Kwa sisi tushughulikao na lugha, genga' zina faida ambayo gazeti lililochapwa halina. Maneno ya mazungumzo yaliyomo ndani ya viputo yalipigwa chapa kando, yakakatwa na kubandikwa. Mara nyingine penseli ya mtungaji yaonekana chini yake. Lakini maneno ya sauti aliyachora mchoraji mwenyewe, nayo ni sehemu ya picha. Kijapani kina utajiri wa maneno hayo, hata ya mambo yasiyo na sauti: shiin ni kimya chenyewe, na mzungumzaji wa Kiswahili asemaye "kimya jii" hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kuna tena mawazo ya moyoni, yaliyoachwa yaelee nje ya viputo kati ya maua na nywele. Katika kitabu yote haya yamesawazishwa kwa wino mmoja. Katika genga' tabaka zake zahesabika.

Wako wapingao, wakisema makumbusho yatoa kivuli mahali pa mtu. Mimi siioni hoja hiyo kuwa na nguvu hapa. Msichana wa mwaka wa 1976 hakuiona asili kamwe; alichokipenda kilikuwa nakala tangu mwanzo. Swali gumu zaidi ni la rangi. Asili yaendelea kufifia, ijapokuwa polepole, hata gizani. Genga' yashika rangi ya siku iliponaswa. Itafika siku nakala itakuwa karibu zaidi na mkono wa mchoraji kuliko ukurasa alioushika, na mtaalamu atakayetaka kujua waridi hilo lilikuwa waridi gani ataiendea nakala. Kwa sababu hiyo ushahidi wa wachoraji, wakiwa bado hai, una thamani kubwa.

Upungufu niuonao ni mwingine. Ukurasa uliotiwa fremu hutazamwa, hausomwi. Umetolewa katika hadithi yake, na aliye mbele yake hajui binti yule analilia nini. Bahati njema makumbusho hayo hayo yana rafu za urefu wa meta 200, zenye vitabu 50,000 hivi, na mgeni yeyote aruhusiwa kuchukua kimoja akaketi nacho, hata nje juu ya majani kwenye uwanja wa ile shule ya zamani.