Kusubu risasi

Kusubu risasi ni kazi ya kuyeyusha metali ya risasi (pia: plumbi, alama ya kikemia ni Pb) na kuimimina katika kalibu ili igande na kuwa mikuo, yaani vipande vya metali vyenye umbo linalofaa kuhifadhiwa, kuuzwa au kuyeyushwa tena. Neno "risasi" lina asili ya Kiarabu. Hutumika pia kwa risasi za bunduki, lakini makala hii inahusu metali yenyewe.

Risasi huyeyuka kwenye 327.5 °C, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia kwa urahisi. Kwa sababu hiyo watu katika nchi nyingi huisubu nyumbani. Hata hivyo risasi ni sumu, na vumbi lake hubaki nyumbani muda mrefu baada ya moto kuzimwa.

Malighafi

Risasi chakavu hupatikana katika mabomba ya zamani, mabati laini ya paa, vizito vya kusawazisha magurudumu ya magari na betri za magari. Wavuvi huitumia kutengeneza chubwi, yaani kizito kinachofungwa kwenye mshipi.

Betri ndizo hatari zaidi. Ndani yake mna asidi ya sulfuri. Tena, sehemu kubwa ya bamba zake si metali safi bali ni oksidi na salfeti ya risasi, ambazo haziyeyuki kwa joto la jiko. Hubaki kama unga wenye sumu unaopeperuka kila unapoguswa. Betri chakavu zinapaswa kupelekwa kwenye kiwanda chenye vifaa vya kuzishughulikia.

Hatua za kazi

Metali huyeyushwa katika chungu cha chuma. Takataka, oksidi na vipande vya chuma huelea juu, kwa kuwa risasi ni nzito sana (gramu 11.34 kwa sentimita moja ya ujazo). Nta kidogo huweza kutiwa ili kurudisha sehemu ya oksidi kuwa metali, kisha takataka huenguliwa kwa kijiko cha chuma. Zinki hutengwa mapema, kwa kuwa huyeyuka kwenye 419.5 °C na kuharibu mchanganyiko. Mwishoni risasi humiminwa katika kalibu kavu.

Hatari

Tone la maji likizama katika risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kurusha metali ya moto. Kwa hiyo kipande chenye unyevu au kalibu iliyoloa huweza kumuunguza mtu vibaya.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Mafusho huongezeka kadiri joto linavyopanda, na kuengua takataka hutoa vumbi la oksidi. Vumbi hilo huingia mwilini kwa pumzi au kwa mikono inayopelekwa mdomoni, kisha risasi hujilimbikiza katika mifupa na meno. Watoto wadogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima kwa kiasi kilekile kilichomezwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Madhara kwa ubongo wa mtoto huweza kuwa ya kudumu.

Matukio

Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Wakazi walikuwa wakivunja betri na kuchekecha udongo wenye risasi, mwingine ukipelekwa hadi majumbani.

Nchini Kenya, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani nao. Phyllis Omido, aliyeongoza madai yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kujikinga

Kazi hii haifai kufanyika jikoni, uani wanapocheza watoto, wala karibu na mama mjamzito. Kitambaa cha kawaida usoni hakizuii mafusho. Nguo za kazi hazichanganywi na za familia, mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula, na chungu kilichotumika hakirudi tena kupikia chakula. Vumbi husafishwa kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio mkavu. Anayehofia kwamba ameathirika, au mtoto wake, apimwe damu hospitalini, kwa kuwa dalili huweza kuchelewa kuonekana.