Somo la Historia: Kumbukumbu Iliyotungwa kwa Mikono

Fungueni daftari zenu. Leo nitawapa habari za watu waliotunga pete ndogo kama watu watungavyo shanga, ila pete hizo hazikuwa pambo. Zilikuwa kumbukumbu ya kompyuta.

Ninyi mmekwisha jifunza kujumlisha. Mkijumlisha 27 na 15, mamoja ni 12. Mnaandika 2, na ile moja mnaiweka moyoni. Kompyuta nayo yataka mahali pa kuiweka ile moja. Hapo kwanza baadhi yake ziliiweka katika mirija ya kioo, iliyokuwa ghali na kuharibika mara kwa mara.

Katika chuo cha ufundi cha Massachusetts, huko Marekani, palikuwa na kompyuta kubwa iitwayo Whirlwind. Mkuu wa kazi hiyo, Jay Forrester, alichoshwa na mirija. Mwaka 1953 Whirlwind ikafungiwa kumbukumbu mpya ya pete nyeusi, zilizofanywa kwa unga wa madini ya chuma na madini mengine, ukashindiliwa, kisha ukachomwa katika tanuri kama chungu.

Kila pete ilipitishwa nyaya za shaba. Umeme ukipita katika waya, pete huwa sumaku. Ukipita huku, sumaku huzunguka kwa kulia, nasi twasema 1. Ukipita kinyume, huzunguka kwa kushoto, nasi twasema 0. Na umeme ukizimwa, pete haisahau.

Labda mtauliza, kati ya pete elfu, mashini yaijuaje ile inayotakiwa? Nyaya zilipangwa kama miyaa ya mkeka, hizi zikienda na hizi zikikatiza, na kila zilipokutana palikuwa na pete. Waya mmoja ulipewa nusu ya nguvu ya kugeuza pete, na ule unaokatiza ukapewa nusu ya pili. Pete iliyo penye njia panda peke yake ndiyo ilipata nguvu kamili ikageuka. Tena, kuisoma pete kuliifuta, basi kila ikisomwa iliandikwa upya.

Nani walizitunga? Wengi walikuwa wanawake, wakiinamia hadubini, wakipitisha waya mwembamba kama unywele. Pete za mwanzo zilikuwa na upana wa milimita 2 hivi. Baadaye hazikufika nusu milimita. Kampuni ya IBM ilibuni mashini za kupitisha baadhi ya nyaya. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 kazi nyingi ilipelekwa Asia ya Mashariki, ambako mishahara ilikuwa midogo.

Hebu tutazame fedha. Mwaka 1956 IBM ilinunua hati ya uvumbuzi ya Dkt. An Wang, mzaliwa wa China, kwa dola 500,000. Mwaka 1964 ilikubali kukilipa chuo cha Forrester dola milioni 13. Majina ya mabwana hao yamo vitabuni. Ya watungaji ni machache mno, nami naona hilo ni pengo kubwa, maana pete isiyo na waya ni kokoto tu.

Wanaanga wa Apollo waliofika mwezini mwaka 1969 walikuwa na kazi ya namna hiyo chomboni mwao. Ilifumwa katika kiwanda cha Raytheon, mjini Waltham. Humo waya ukipita ndani ya pete ilikuwa 1. Ukipita nje, 0. Wahandisi waliiita kwa mzaha kumbukumbu ya vibibi. Mzaha huo mimi siupendi. Maisha ya watu watatu yalitegemea mikono hiyo, na programu ikishafumwa haikuwa rahisi kuibadili.

Mwaka 1969 kampuni ya Intel ilianza kuuza kumbukumbu ya vipande vya silikoni, na kabla ya miaka kumi kwisha kompyuta mpya karibu zote ziliziacha pete.

Sasa shikeni kalamu. Fremu moja ya Whirlwind ilikuwa na nyaya 32 za kwenda na 32 za kukatiza. Pete zilikuwa ngapi? Na fremu 16 zikiwekwa pamoja, ngapi? Mwonyesheni mwalimu majibu yenu kabla ya kipindi kijacho. Kwaherini.