Mfungo tatu hautangulii mfungo nne

Wadau, andikeni 9/12/1961. Kwetu ni siku ya Uhuru wa Tanganyika. Mpe Mmarekani aisome, atakwambia Septemba 12. Mapinduzi ya Zanzibar, 12/1/1964, kwake yanahamia Desemba. Muungano umenusurika kwa bahati tu: 26/4/1964 haina namna, mwezi wa 26 haupo. Ndiyo maana mwaka 1988 kikatolewa kiwango cha ISO 8601: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. 1961-12-09, ugomvi umekwisha.

Hilo jepesi. Kazi iko Mkuyuni.

Nimekuwa nikitengeneza katovuti ka kubadili tarehe kwa sababu ya karatasi mbili za ukoo wetu, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Moja inasema minazi imewekwa rehani mfungo nne 1345. Nyingine, minazi hiyo imekombolewa mfungo tatu 1345. Sasa nani anakomboa kitu kabla hajakiweka? Upande wa pili wa familia ulishatoa hukumu: karatasi ya kukomboa ni ya kughushi, minazi ni yao.

Tuhesabu basi. Waswahili huanza kuhesabu miezi baada ya Ramadhani. Shawwal ni mfungo mosi, na kuendelea (Maulidi huangukia mfungo sita, mnajua). Lakini namba ya mwaka wa Hijria haibadiliki mfungo mosi. Hubadilika Muharram, yaani mfungo nne! Kwa hiyo mfungo nne ndio uliofungua mwaka 1345, na mfungo tatu ndio ulioufunga. Kwa kalenda ya ukutani, rehani iliwekwa kati ya Julai na Agosti 1926, ikakombolewa Juni 1927. Karatasi hazigombani kabisa.

Programu yenyewe ni fupi. Miaka 30 ya Hijria ina siku 10,631: miaka 19 ya siku 354 na 11 ya siku 355. Unageuza tarehe kuwa idadi ya siku, unazigawa upya. Kinachosumbua ni kwamba mwezi ulitazamwa kwa macho, na mawingu ya Uluguru hayajui hesabu, hivyo tovuti inatoa siku tatu badala ya moja. Halafu siku huanza jua likizama: usiku wa Ijumaa wa bibi ni Alhamisi usiku ya gazeti langu. Hapo nimeweka kitufe.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Nakwenda na hesabu nimeichapa kwa herufi kubwa, maana mjomba hasomi kwenye skrini.