Chakula na Kinywaji Chake katika Nchi ya Mpimbwe

Wasikilizaji wetu, vijana wanaoanza kukaribisha wageni nyumbani huuliza ni kinywaji gani kifaacho kuwekwa kando ya chakula gani. Watu wa Ulaya wana desturi yao: mvinyo mweupe kwa samaki, mwekundu kwa nyama. Desturi hiyo ina maana, kwa kuwa mvinyo mwekundu hupata ukakasi wake katika maganda ya zabibu. Mafuta ya nyama huupunguza ukakasi huo, bali kwa samaki huacha ladha mbaya kinywani. Lakini Usevya si nchi ya zabibu. Leo twataka kutazama jinsi Wapimbwe, wenyeji wa nchi ile iliyo katika bonde la Rukwa, walivyopata kanuni yao wenyewe.

Asili ya mambo ni ulezi. Nafaka hii ni ya Afrika yenyewe, nayo imelimwa tangu kale katika nyanda za juu za upande huu wa mashariki. Mahindi na muhogo ni wageni: vyote viwili vilitoka Amerika, vikaja baada ya safari za Wareno, vikaingia bara polepole. Basi mahindi yalipofika chunguni yaliuondoa ulezi katika ugali, lakini hayakuweza kuuondoa katika kinywaji. Ulezi hulowekwa, hufunikwa hata uchipue, kisha huanikwa na kusagwa. Huo ndio kimea. Kimea kikitiwa katika uji wa mahindi uliopoa kidogo, uji ule mzito hulainika na kuwa mtamu bila sukari, maana mbegu inapochipua hugeuza wanga kuwa utamu. Hiyo ni togwa. Ikilala usiku, hupata uchachu. Ikiachwa siku zaidi, huwa pombe.

Twaona, basi, kwamba chungu kimoja hutoa vinywaji vitatu, na kila kimoja kina chakula chake. Togwa tamu ni ya mtoto na ya mtu atokaye shambani na njaa, nayo yatosha kuwa chakula yenyewe. Togwa yenye uchachu ndiyo rafiki wa samaki mkavu wa Ziwa Rukwa, na wa mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga, kwa kuwa uchachu huukata mwili wa karanga na harufu ya moshi wa samaki. Pombe huja baada ya sahani kuondolewa, wala hainywewi juu ya tonge. Kwa mlenda hatushauri uchachu mwingi. Maji safi yatosha.

Ila katika ukaribu huu wa chakula na kinywaji pana ugomvi wa zamani, nao si wa ladha. Nafaka iingiayo chungu cha pombe ni ile ile iliyokosekana katika chungu cha ugali. Katika miezi ya mvua, kabla mavuno hayajafika, ghala huwa tupu, na mwenye nyumba hutamani vipimo vilivyonywewa wakati wa kiangazi. Walakini mama apikaye pombe hupata kwayo fedha ya chumvi na nguo, tena shamba kubwa hulimwa upesi ikiwa majirani wanangojewa na mtungi. Sisi hatuthubutu kumlaumu.

Asali ilikuwa msaada hapo, kwa kuwa pombe ya asali haigusi ghala. Misitu ya miombo ya upande ule ina nyuki wengi. Januari 1872, Livingstone na Stanley walipokuwa wakitoka Tanganyika kwenda Unyanyembe, nyuki waliuvamia msafara wao, na punda wa Livingstone akaumwa vibaya. Lakini katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wengi wa magharibi katika makao makubwa kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na waliohamishwa hivyo wakawa mbali na mizinga yao.

Kisha ikaja chai. Wajerumani waliijaribu Amani, Usambara, mapema katika karne ya 20, na mashamba ya biashara yakaanza mwaka 1926. Huku magharibi, reli ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, ilirahisisha njia ya bidhaa za dukani. Chai ikawa heshima ya mgeni, na togwa ikaonekana kuwa kitu cha kishamba. Hapa pana hasara isiyoonekana. Chai ina ukakasi kama ule wa mvinyo mwekundu, nao huyashika madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka, hata mwili usiyapate vema. Mama mjamzito na mtoto ndio wapatao hasara kubwa. Kimea na uchachu hufanya kinyume, huyafungua.

Kwa hiyo mwenye kuanza na aanze hivi: samaki mkavu, ugali, majani ya maboga, na togwa ya siku ya pili iliyopozwa mtungini. Chai na ingoje muda wa saa moja au mbili, mazungumzo yakiisha kukolea.